Mdachi Aliyekataa Kupima

Siku tuliyomzika baba alikuwepo bibi, mama yake baba, aliyekaa ndani karibu na maiti na kukataa hata chai. Walikuwepo wadogo zangu wawili, wasichana, mmoja akiwa na sare ya shule kwa sababu hakuwa na nguo nyingine safi. Alikuwepo baba mdogo, aliyetembea kutoka Ikuti akiwa ameshika viatu mkononi ili visiingie tope, na mwalimu mkuu wetu, mtu wa Mara, ambaye hakuwahi kuizoea baridi ya Isongole na siku hiyo alijifunika shuka la kuazima. Alikuwepo mchungaji. Walikuwepo vijana wa mabomba ya maji, wenzake baba kazini. Jirani yetu wa upande wa juu alikuwepo, yeye ndiye aliyesimamia uchimbaji wa makaburi mtaani kwetu. Na Mdachi alikuwepo. Watu wengine walijaa mpaka barabarani, lakini hao ndio niliowaona. Mimi nilikuwepo pia, mkubwa wa nyumba tangu asubuhi ile, kwa maana mama tulikuwa tumemzika kabla.

Kwetu mfiwa hachimbi kaburi. Wanachimba majirani, nawe unakaa ukisikia majembe yakigonga udongo nyuma ya migomba. Anayekuchimbia anakudai. Hakuna anayeandika wala anayekumbusha, lakini kila mwanaume anajua nani aliingia shimoni kwa ajili ya nani, na siku ya msiba wa yule aliyekuchimbia, wewe ndiye unayetangulia kushika jembe. Deni hilo halilipwi kwa kitu kingine.

Mdachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani, alikuja Rungwe kabla sijazaliwa, pamoja na wenzake wa misheni, kuteremsha maji ya mlimani kwa mabomba. Wenzake walirudi kwao, yeye akabaki katika nyumba yake ya vyumba viwili juu ya barabara, na baba akawa msaidizi wake mkuu. Kiswahili alikisema polepole na kwa usahihi, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Hakukosa msiba. Alifika na beleshi lake begani, akavua koti, akaingia shimoni kabla ya vijana. Mwanzoni watu walishangaa, kisha wakazoea, na mwisho wakawa wanaulizana asipoonekana mapema. Kaburi la mama yeye ndiye aliyeanza kulichimba.

Kabla ya kuchimba, mtu mmoja huingia ndani na ugwe, kamba ya mgomba mkavu, akaulaza kando ya maiti, akafunga fundo palipo na kichwa na lingine palipo na miguu. Ugwe huo ndio unaotoka nje na kulazwa chini, na shimo linafuata urefu wake. Siku ya baba mvua ilikuwa imelowesha kila kitu. Ugwe ukakatika mikononi mwa jirani, akachukua mwingine, nao ukakatika.

Jirani akacheka kwa uchovu. "Tunahangaika na nini na mwenye futi yupo hapa? Mdachi, kila siku unapima mitaro. Ingia umpime rafiki yako."

Ilikuwa heshima kubwa, na watu wote walielewa hivyo. Kijana mmoja alitoa futi kwenye mfuko wa kazi wa Mdachi mwenyewe akampa. Aliipokea. Akaivuta kidogo, akaitazama ile tepe ya njano yenye namba, kisha akaiweka juu ya majani taratibu kama kitu cha moto, akaingia migombani. Tulimsikia akitapika. Aliporudi alikuwa anajifuta mdomo kwa kiganja.

"Pimeni ninyi," alisema. "Mimi nitachimba."

"Kumbe ni mwiko kwao," jirani aliwaambia wengine, na habari ikaenea hivyo, kwamba Wazungu hawapimi maiti. Bibi alipoelezwa kule ndani alisema mwanawe ndiye aliyekataa, hakutaka kupimwa kama bomba. Walitafuta ugwe mwingine uliohifadhiwa juu ya dari ya jikoni, na baba akazikwa.

Baada ya mazishi nilizunguka kuwashukuru wachimbaji, kama inavyotakiwa. Nilipofika kwa Mdachi nikasema, "Ndaga, mzee. Umemchimbia mama, umemchimbia baba. Kaburi lako liko juu yangu."

Yalikuwa maneno ya mtu mzima, na mimi nilikuwa kidato cha pili. "Usiseme hivyo," akajibu. Nilidhani ni adabu tu.

Shuleni sikurudi. Wadogo zangu walibaki shule, mimi nikashika jembe la baba na spana zake. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni na sukari zilirudi madukani Tukuyu, malori ya kutoka Dar yakaanza kupanda mpaka Isongole kubeba viazi, na marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni. Mradi wa maji, kwa upande mwingine, ulikufa. Ofisi ikafungwa, gari likaondoka, na Mdachi akaendelea kuziba mabomba yaliyopasuka kwa vipande vya mabomba ya zamani, akisaidiwa na mimi. Shambani nilikwenda asubuhi mapema, kisha nilimfuata.

Mwaka mmoja, katika ile miezi ya ukungu ambapo hata mbwa hawatoki jikoni, nilikwenda Tukuyu kutafuta koti. Muuza mitumba alikuwa amesimama juu ya robota akirusha nguo.

"Chagua, kijana, chagua! Hili mwenyewe alikufa kwa shibe, halina hata tundu!"

Lilikuwa koti zito la kijani, lenye kofia na mifuko mingi. Juu ya mikono, karibu na mabega, lilishonewa vibendera viwili vidogo vyenye rangi nyeusi, nyekundu na njano. Nililivaa palepale. Nilipofika nyumbani bibi alikuwa akimenya ndizi.

"Gwe mume wangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, "umekuwa askari wa nani?"

"Ni koti la baridi tu, bibi."

Alivishika vile vibendera, akavinusa. "La Wadachi hili." Baba yake mzazi alichukuliwa na Wadachi kubeba mizigo katika vita ile ya kwanza, na hakurudi. Hakuna aliyejua amelala wapi. "Ukila ulivue. Mimi sili na askari."

"Ukikataa kula na mumeo, mke wangu, utakula na nani?" nilimtania.

"Vua," alisema, na hakuwa anacheka.

Kesho yake nililivaa kwenda kazini. Mdachi alikuwa barazani akisugua mdomo wa bomba kwa tupa. Aliinua macho, akaniona nikipanda njia. Akasimama. Sikuwahi kuuona mgongo wake ukinyooka namna ile, mtu aliyekuwa ameanza kupinda. Visigino viligongana, mikono ikanyooka kando ya mapaja, kidevu kikapanda. Nilisimama pia, sikujua nifanye nini. Kisha nikaona uso wake ukigundua mwili wake ulichofanya. Akaketi kama aliyesukumwa.

"Nilivue, mzee?"

"Hapana. Kuna baridi. Kaa."

Mvua ilianza na hatukwenda kokote siku ile. Aliongea akiitazama mvua, tupa bado mkononi.

"Koti hilo ni la jeshi la pili," alisema. "Mimi nilianza na jeshi la kwanza."

Aliingia jeshini akiwa kijana, wakaona anajua hesabu, wakamfanya mhandisi. Alijenga madaraja mbele ya jeshi na kuyabomoa nyuma yake. Akawa afisa, akawa kapteni. "Nitakudanganya nikisema sikupenda. Nilipenda sana. Asubuhi mto hauna kitu, jioni malori yanapita." Vita ikawapeleka mashariki, mbali, mpaka kwenye kijiji ambacho alinitajia jina lake na sikuweza kulishika. Hapo mkubwa wake alimwagiza aandae shimo msituni. Aliambiwa ni la kuhifadhi viazi vya jeshi kabla ya barafu.

"Wewe ni mtu wa viazi," aliniambia. "Unajua baridi kali inaviharibu. Hata mimi nilijua. Kwa hiyo niliamini. Lakini shimo la viazi mtu haliweki mbali na barabara. Na mimi nilikuwa mhandisi. Nilijua."

Alilipima mwenyewe, kwa sababu askari wake walikuwa wazembe na hakupenda pembe zilizopinda. Urefu, upana, kina. Akapigilia vigingi, akafunga kamba. Watu wa kijiji wakaletwa kulichimba, naye akasimama akiwaonyesha pa kunyoosha. Siku iliyofuata alipelekwa mbele kwenye daraja. Akiwa darajani alisikia risasi kutoka msituni.

"Mimi sikupiga risasi," alisema. "Nimesema hivyo miaka mingi, mpaka nikagundua hakuna aliyeniuliza." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi: "Nilipima vizuri. Walitosha."

Vita ilipokwisha alikaa kambini kama mfungwa, akarudi, akaoa, akapata binti. Serikali mpya ilipounda jeshi jipya ilitafuta watu wanaojua madaraja. Akaenda. Wakampa umeja, na hakuna aliyemwuliza lolote kuhusu msitu ule. Siku moja akifundisha vijana uwanjani alivuta futi, akawaona wamejipanga mbele yake wakisubiri namba, na mkono ukagoma. Aliacha jeshi. Ndoa nayo ikavunjika. Aliposikia misheni inatafuta fundi wa mabomba Afrika, aliomba.

"Mtaro wa bomba ni mwembamba," alisema. "Mtu hatoshi."

Kisha akanigeukia. "Sasa umejua. Lile deni ulilosema siku ya baba yako, nimelifuta."

Nilirudi nyumbani mvua ikininyeshea. Sikumwambia mtu, hata bibi. Nilitaka kuchukua mbegu za viazi kwenye shimo letu, lile tunalofunika kwa nyasi, nikasimama pale na sikuweza kuinua nyasi. Niliwaza baba yuko ndani ya udongo uliochimbwa na mikono ile, na mama pia. Niliwaza baba alijua au hakujua, na sikuwa na wa kumwuliza. Usingizini niliona shimo lenye pembe zilizonyooka vizuri sana, na mtu akinipa ugwe nishike upande mmoja.

Kazini niliendelea kwenda. Tulifanya kazi kwa spana, tupa na katani ya kuziba maji. Hakuniomba kitu. Nadhani alisubiri niache kuja.

Nilichofikiria hatimaye kilikuwa kitu kidogo. Mtaani kwetu tumemzika mwizi wa ng'ombe, tumemzika mlevi aliyewapiga wazazi wake, tumemzika mwanamke ambaye watu walimwita mchawi mpaka siku aliyokufa. Jirani hakuwahi kuuliza marehemu alikuwa nani kabla ya kushika jembe. Kama ningechagua nani wa kumlipa na nani wa kumwacha, basi hata wale waliomchimbia baba wangekuwa wametoa zawadi tu, na mimi ningekuwa sidaiwi na mtu yeyote duniani. Sikutaka kuwa mtu wa namna hiyo. Kuhusu watu wa msitu ule sikuwa na haki ya kusema neno. Hilo lilikuwa kati yake na wao. Langu lilikuwa kaburi.

Nikamwambia tukiwa tumeinamia bomba. "Mzee, deni si la kwako kulifuta."

Aliacha kufunga nati. "Utachimba?"

"Nitachimba."

"Kwa futi?"

"Bila futi."

"Na ukikosea ukafanya fupi?"

"Tutakukunja magoti."

Alicheka. Sikumbuki kumsikia akicheka kabla ya hapo. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Nilimwomba bibi mahali pa kaburi lake, upande wa chini wa makaburi ya wazazi wangu. Sikumweleza sababu, nilisema tu kwamba Mdachi hana ndugu hapa. "Alale chini ya ndizi za kupika," alisema. "Migomba ile mingine ni yangu mimi. Sitaki Mdachi ale ndizi zangu mbivu."

Haukupita muda, redio ikaanza kutangaza kwamba ukuta wa kwao umebomolewa, na nchi za mashariki ambazo zilikuwa zimefungwa zinafunguka. Mdachi alisikiliza redio ile kama wengine wanavyosikiliza mpira. Kisha akaja binti yake, mama wa makamo mwenye nywele fupi, kwa gari la kukodi kutoka Mbeya. Hawakuwa wameonana miaka mingi.

Jioni ya kabla ya kuondoka Mdachi aliniita. "Lile shimo sasa linafikika," alisema. "Kwenye ramani halipo. Nimeandika barua huko, wanajibu hawajui ni wapi. Waliokuwa nami pale wamekufa. Nikifia hapa, na wewe ukanichimbia vizuri chini ya ndizi za bibi yako, wale watabaki bila mahali."

"Utarudi?"

"Nikichelewa, usilianze bila mimi."

Asubuhi watu walikusanyika barabarani kumuaga. Jirani alimshika mkono asimwachie. "Mdachi, rudi upesi. Kuna wazee wawili huku wanakusubiri wewe tu, wamekataa kufa."

"Waambie wangoje," Mdachi alisema, na watu wakacheka mpaka gari lilipopotea kwenye ukungu.

Binti yake ndiye aliyerudi, mwaka uliofuata, tukivuna viazi. Alikuja na dereva wa Mbeya aliyejua Kiingereza. Nilipoona mlango wa pili wa gari haufunguki nilijua. Bibi alimkaribisha ndani, akamshika mikono yote miwili, akampa pole kwa Kinyakyusa, na yule mama akalia kabla ya kutafsiriwa.

Alieleza taratibu, dereva akifuatisha. Msitu wa zamani ulikuwa umekatwa na mwingine kupandwa, miti yote sawasawa, na baba yake alizunguka humo hajui pa kuanzia. Mwishoni alirudi mtoni, akapata nguzo iliyobaki ya daraja lake, akaomba futi. Akapima kutoka pale. Binti alisema hakuwahi kuona uso kama ule. Baba yake alipoweka mguu akasema hapa, na walipochimba, wale waliouawa walikuwa hapo.

"Wote?" niliuliza.

"Wote."

Alikuwepo bibi mmoja wa kijiji kile, mzee sana, ambaye kaka zake walikuwa humo ndani. Aliletewa kiti, akakaa anatazama. Hakumwambia Mdachi neno, si zuri wala baya. Yalipoandaliwa makaburi mapya ya kuwazika upya, Mdachi aliomba beleshi. Watu wa pale wakamkatalia. Walisema hapana, yeye asiwachimbie. Akasimama pembeni mpaka mwisho. Baada ya hapo mapafu yalimshika, akarudishwa mjini kwao, na huko akafa.

Bibi yangu alisikiliza yote, ndipo akajua nilichokuwa nimekibeba. Alinitazama mara moja tu, kisha akamgeukia yule mama.

"Nani alimchimbia?"

Dereva akatafsiri. Yule mama akasita. "Kuna mashine. Ya manispaa."

"Mashine," bibi akarudia. "Na watu?"

"Mimi na mchungaji. Na mwenye mashine, lakini alikaa ndani ya mashine yake kwa sababu ya mvua."

"Kwa hiyo hamdaiwi na mtu?"

Yule mama alifikiri ameulizwa habari za malipo, akasema kila kitu kimeshalipiwa, hata sehemu ya kaburi, kwa miaka mingi. Ikiisha bila kulipiwa tena, sehemu inapewa mtu mwingine.

"Gwe!" Bibi alishika mdomo. "Kaburi la kupanga?"

Hapo nilimwambia dereva aseme kwamba nilikuwa na deni kwa baba yake, la makaburi mawili, na kwamba mahali pake pako tayari pale nyuma. Yule mama alitoka kwenda kupaona. Alisimama chini ya migomba, akaniambia kupitia dereva kwamba hakuna deni, baba yake alifanya kwa moyo wake, nisijisumbue, na yeye ananisamehe kabisa.

"Mwambie haliko hivyo," bibi akasema. "Mtoto hasamehi. Kama mwenyewe hayupo, linahamia kwake. Mwulize yeye akifa tunamchimbia wapi."

Dereva alitazama viatu vyake. "Bibi, hilo mimi siwezi kumtafsiria."

Akaondoka siku hiyohiyo. Aliniachia beleshi la baba yake na anwani, na kwa miaka michache kadi zilikuja kila Krismasi, halafu zikakoma.

Bibi naye alikufa, na waliomchimbia nimeshawalipa wote isipokuwa mmoja ambaye bado yu hai. Wadogo zangu walisoma, mmoja ni muuguzi na mwingine anafundisha mbali na hapa. Jirani alipozeeka aliniachia mimi usimamizi wa uchimbaji, kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayeingia ndani na ugwe wa mgomba. Nikiulaza kando ya maiti na kufunga fundo, mikono yangu hupoa. Kuna wakati nahisi mtu ameshika ncha ya pili. Kamwe sijaomba mwingine anisaidie, na kamwe sijatumia futi.

Nimechimba makaburi mengi kuliko nilivyotarajia, ya watu niliowapenda na ya watu ambao hawakunisalimu. Zamani nilipokuwa ndani ya shimo nilijaribu kusema moyoni, hili liwe la Mdachi. Halikuwa lake. Lilikuwa la mtu yule aliyelala ndani akisubiri, na watoto wake ndio walioanza kudaiwa nami. Nimewaeleza wanangu kwamba kuna mtu wa mbali ambaye nyumba hii haijamchimbia. Wananiuliza watamlipa vipi. Ninachojua ni kwamba deni lipo.